Ukuta wa Kuurudia: Shule Kongwe za Pembezoni mwa Lodwar na Kakuma kama Urithi

Ukitaja urithi wa Turkana, akili ya msikilizaji huenda moja kwa moja kwenye mifupa. Ina haki ya kwenda huko. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu kando ya mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, na uchimbaji uliofuata ukatoa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kusini zaidi, huko Lothagam, wafugaji wa takriban miaka 5,000 iliyopita walizika wafu wao mahali pamoja na kusimamisha nguzo za mawe juu yao. Kaunti yenye hazina ya aina hii huzoea kuhesabu ukale kwa maelfu na mamilioni, hata jengo la shule lenye miaka 50 au 60 likaonekana changa mno kuulizwa habari zake. Likipata ufa huachwa. Likichakaa hubomolewa, mawe yake yakaingia kwenye msingi wa jengo jingine, na hakuna aandikaye popote kwamba liliwahi kusimama hapo.

Majengo ya karne ya 20 ambayo kaskazini magharibi mwa Kenya yamepewa heshima ya kumbukumbu yana sifa moja inayopaswa kutufikirisha: mengi yao ni ya kifungo. Wageni hupelekwa Lokitaung, alikozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake baada ya hukumu ya Aprili 1953. Huoneshwa Lodwar, alikohamishiwa mwaka 1959, na Maralal katika Samburu, alikopelekwa mwaka 1961. Huko Kapenguria, jela walimowekwa wakati wa kesi yao ndiyo iliyofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1993. Hata hivyo kesi yenyewe haikusikilizwa jela. Ilisikilizwa katika chumba cha shule, kwa sababu mji ule mdogo haukuwa na mahakama ya kutosha shughuli hiyo. Wakili Pritt alipomtetea Kenyatta, na Hakimu Thacker alipotoa hukumu, walikuwa darasani. Taifa limeukumbuka ukuta uliowafungia viongozi, na si lawama kuukumbuka. Lakini kuta zilizowafundisha raia wa kawaida kusoma na kuandika hazijapata hata nusu ya uangalizi huo, wala darasa halipaswi kungoja kesi ya mtu mkuu ndipo lionekane lina historia.

Hoja ya makala haya ni moja. Shule kongwe ya pembezoni mwa mji, katika Turkana, ni urithi kwa sababu ilikuwa miongoni mwa kuta za kwanza ambazo watu wanaohama walikubali kuzirudia. Pembezoni maana yake ni maeneo kama Kanamkemer, Napetet na Nakwamekwi, ambako Lodwar imepanuka kati na kando ya mito Turkwel na Kawalase. Ni viunga vya Kakuma kando ya laga (mto wa msimu) ya Tarach, na pia vituo vya njiani kama Namoruputh, katika barabara inayotoka Lodwar kupitia Lorugum kuelekea Lokiriama na mpaka wa Uganda. Mahali kama hapo hapana kasri wala ngome. Penye nyumba za miti na makuti ya mkoma zinazojengwa na kuachwa kufuata malisho, shule, zahanati, kanisa na kituo cha polisi huwa ndiyo majengo ya kudumu, na kati ya hayo manne, shule ndiyo ambayo kila ukoo una sababu ya kuingia.

Thamani hiyo haieleweki bila kujua jinsi shule zilivyofika. Chini ya ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa. Sheria za wilaya za pembezoni zilizoanza mwaka 1902, zikaongezewa nguvu na sheria ya wilaya maalumu ya 1934, ziliufanya ugeni katika eneo hilo uwe jambo la kuombewa kibali. Serikali ilitaka amani na kodi. Shule ilikuwa ya mwisho katika orodha. Mlango ulifunguliwa na njaa. Ukame wa 1960 na 1961 ulipoangamiza mifugo, kambi za chakula zilianzishwa, na wamishenari wa Shirika la Mtakatifu Patrick kutoka Kiltegan, Ireland, wakaruhusiwa kuingia mwaka 1961. Kazi yao ilikua hadi Lodwar ikawa jimbo dogo la Kanisa Katoliki mwaka 1968 na dayosisi kamili mwaka 1978. Wamishenari wa Africa Inland nao walifanya kazi yao. Uji na ubao vilikuja pamoja, na tangu hapo havijatengana. Ukame wa 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliuita Lopiar kwa jinsi ulivyofagia mifugo, uliisukuma tena idadi kubwa ya watu kwenye vituo vya chakula. Mpango wa chakula shuleni ulioanza nchini mwaka 1980 kwa ushirikiano na Shirika la Chakula Duniani, ukakabidhiwa serikali kikamilifu mwaka 2018, uliifanya sufuria ya shule kuwa sehemu ya hesabu ya familia. Kwa hiyo shule kongwe ya Turkana ina ushahidi wa mambo mawili kwa pamoja: historia ya elimu, na historia ya watu walivyovuka njaa.

Tazama jengo lenyewe kwa karibu, lile la kawaida ambalo mafundi wa misheni na wa serikali walilijenga tena na tena katika nchi kavu. Msingi ni wa mawe, umeinuliwa ili maji ya mvua ya ghafla yapite bila kuingia ndani. Kuta ni nene kuliko za matofali ya simiti ya leo, zimepakwa chokaa ili zirudishe mwanga wa jua. Paa la mabati limetokeza mbele, likashikiliwa na nguzo, na chini yake pakawa na baraza ndefu ya kivuli ambako madarasa mawili au matatu hufungulia milango. Madirisha yanatazamana pande mbili ili upepo ukate chumba. Ubao haukununuliwa: ni sehemu ya ukuta iliyosawazishwa kwa plasta na kupakwa rangi nyeusi, na ukiugusa utaona katikati pamelainika kwa miaka ya kufutwa. Nje, rimu ya gari imening'inizwa kwenye mti kuwa kengele. Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka, na joto la mchana hupanda mara kwa mara kupita nyuzi 35. Katika hali hiyo, unene wa ukuta na urefu wa baraza ndivyo vinavyoamua kama mtoto atasikia somo la saa nane mchana au atalala.

Maarifa hayo hayajapitwa na wakati. Kampasi ya Startup Lions iliyojengwa kando ya Ziwa Turkana na kukamilika mwaka 2021, kazi ya msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, imesifiwa duniani kwa minara yake mirefu inayovuta hewa moto juu, mfano wa vichuguu vya mchwa vinavyosimama kote Turkana. Kéré alianza na shule ya msingi katika kijiji chake cha Gando mwaka 2001, akitumia udongo na upepo wa hapo, na mwaka 2022 akapewa tuzo ya Pritzker. Somo lake kwa wapangaji wetu ni kwamba jengo la nchi ya joto huanza na kivuli na hewa, ndipo lifikirie mengine. Baraza ya shule kongwe ilijua hivyo zamani. Tukiibomoa na kuweka chumba cha matofali membamba, mabati ya chini na madirisha ya upande mmoja, tumefuta jibu ambalo waliotutangulia walilipata kwa jasho, kisha tutaanza kutafuta pesa za feni.

Kuta ni nusu ya urithi. Nusu ya pili imo katika kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Rejista ya kujiunga na shule ina safu chache: namba, jina la mtoto, jina la mzazi au mlezi, tarehe ya kuingia, darasa, tarehe ya kutoka na sababu. Mahali ambako familia nyingi zilimpeleka mtoto mmoja shuleni na kumwacha ndugu yake nyuma ya mbuzi na ngamia, safu hizo hazisomwi kama takwimu kavu. Zinaonesha mwaka ambao watoto waliingia wengi kwa mkupuo kwa sababu mifugo imekufa, na mwaka ambao walitoka kwa sababu mvua imerudi na boma limehama. Zinaonesha lini jina la msichana lilianza kuonekana, na lini likaacha kuwa la peke yake katika ukurasa. Watu ambao historia yao imetunzwa kwa mdomo, kwa majina ya miaka na ya ukame, hapa wana maandishi yao ya kwanza ya pamoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lenyewe ndilo mali, nalo linaliwa na mchwa.

Swali la uchambuzi ni kupima: tutajuaje jengo lipi lina thamani na lipi ni kuukuu tu? Mwanahistoria wa sanaa wa Austria, Alois Riegl, alipoandika kuhusu kumbukumbu mwaka 1903, alitenganisha thamani ya umri, thamani ya ushahidi wa kihistoria na thamani ya matumizi, akaonesha kuwa mara nyingi hugombana. Kwa Turkana, umri peke yake hautusaidii, maana mbele ya Nariokotome kila kitu ni cha jana. Uzuri peke yake nao hautusaidii, maana majengo haya yalijengwa kwa pesa kidogo na hayakukusudiwa kupendeza. Kinachobaki ni ushahidi na matumizi yakishikana. Mfano wa kinyume uko Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, ambako Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kiwanda kile kilikuwa imara na cha kisasa, lakini gharama ya kugandisha samaki katika joto lile na kurudi nyuma kwa maji ya Ghuba ya Ferguson vilikifanya kikose kazi kilichojengewa. Nacho ni ushahidi, tena ushahidi wa maana, wa mpango uliofikiriwa mbali na watu. Shule ya umri uleule iliyojengwa kwa pesa chache bado inapigiwa kengele kila asubuhi. Tofauti kati ya viwili hivyo haiko katika simiti. Iko katika watu kuamua kurudi.

Pingamizi la kwanza ni zito na linastahili jibu la heshima. Shule hizi, husemwa, zililetwa na wageni. Ziliwafundisha watoto kudharau boma la baba zao. Kuziita urithi wa Turkana ni kumvika mgeni vazi la mwenyeji. Ni kweli kwamba shule iliwatenga baadhi ya watoto na maarifa ya mifugo, na kwamba sera ya taifa, kama ilivyowekwa katika Waraka wa Kikao Namba 10 wa 1965, ilielekeza rasilimali mahali palipoaminika kuwa na faida ya haraka na kuiacha nchi kavu ya wafugaji nyuma. Jengo la shule linabeba historia hiyo yote, ya tumaini na ya jeraha. Lakini urithi si cheti cha sifa njema. Tumehifadhi jela za Kapenguria bila kuusifu ukoloni. Tena, mwanzilishi wa jengo si mwenye jengo milele. Mama aliyeamua kwamba binti huyu atabaki na yule atafuata mbuzi, wazee waliokubali kutoa ardhi, vijana waliochota maji ya kukorogea udongo, na walimu waliotoka miongoni mwa wanafunzi wa awali, wote hao walikifanya cha mgeni kuwa chao. Kinachomilikiwa kwa jasho la miaka 60 hakirudi kuwa cha aliyeleta ramani.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: Waturkana ni watu wa kuhama, na utamaduni wao uko katika nyimbo, mifugo na mapatano, hivyo kuwatafutia urithi katika kuta ni kuazima kipimo cha watu wa mijini. Hoja hii ina ukweli mkubwa ndani yake. Mkataba wa amani wa Lokiriama wa 1973 kati ya Waturkana na Wamatheniko wa Uganda ulifungwa kwa kuzika silaha ardhini, na kila mwaka watu hukusanyika kuukumbuka bila kuhitaji jumba. Dunia nayo ina mifano ya urithi usiotegemea ukuta uleule: hekalu la Ise nchini Japani hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na wakazi wa Djenné nchini Mali huupaka msikiti wao udongo mpya mwaka hadi mwaka. Kinachotunzwa ni kitendo cha kurudia. Ndiyo maana pingamizi hili linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Waturkana wenyewe wana desturi inayolingana nayo, nayo ni ekwar. Kando ya Turkwel, familia huwa na haki ya kutumia miti fulani ya mtoni, hasa migunga ambayo maganda yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Haki hiyo haiandikwi kwenye karatasi wala haizungushiwi ua. Hushikwa kwa kurudi, kwa kutumia na kwa kutunza, wazee wakiwa mashahidi, na asiyerudi kwa miaka mingi anaweza kuipoteza. Shule kongwe ni ekwar ya ujirani mzima. Familia inaweza kuhama mara kumi na bado ikawa na haki pale, kwa sababu jina la mtoto wake limo katika rejista.

Kakuma inatupeleka kwenye swali gumu zaidi. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, wakati maelfu ya wavulana waliotembea kutoka Sudan hadi Ethiopia na kisha Kenya walipopewa mahali pa kukaa. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei yaliyofuata, ina watu zaidi ya 200,000. Shule zake, ambazo Shirika la Kilutheri Duniani limekuwa likiendesha katika ngazi ya msingi kwa miaka mingi, zilijengwa kwa tofali za udongo, mbao na mabati kwa nia ya kudumu kwa muda. Nani ahifadhi kitu ambacho kilijengwa kwa kutumaini kwamba hakitahitajika? Mwenyeji anaweza kuhofia kwamba kukiita urithi ni kumpa mgeni ardhi, na mkimbizi anaweza kuona uchungu uhamisho wake ukigeuzwa makumbusho. Hofu hizo zote ni halali. Lakini wapo watu wazima leo Juba, Nairobi, Australia na Marekani ambao darasa la kwanza walilowahi kukaa lilikuwa Kakuma, na wapo Waturkana waliosoma nao dawati moja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, na mpango wa serikali uitwao Shirika, uliozinduliwa mwaka 2025 kwa lengo la kuzifanya kambi kuwa makazi yanayounganishwa na wenyeji, zitabadilisha sura ya majengo hayo kwa kasi. Kuhifadhi darasa moja la miaka ya mwanzo, likibaki darasa au likawa maktaba ya wenyeji na wakimbizi, hakumpi mtu hati ya ardhi. Kunahifadhi ukweli kwamba mahali hapo palifundisha.

Pingamizi la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linasemwa na mzazi: watoto wamejaa, vyumba havitoshi, na jengo la zamani laweza kumwangukia mtu. Tangu mwaka 2023, sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, na shule ambazo tayari zilibanana zikahitaji vyumba zaidi. Hazina ya maendeleo ya maeneobunge, iliyoanza mwaka 2003, hutoa pesa za madarasa mapya, na kiwanja kikiwa kimejaa, jengo la zamani ndilo huondolewa. Hakuna urithi unaostahili damu ya mtoto, na hilo lisemwe bila kigugumizi. Ukuta uliohama na msingi, boriti zilizoliwa na mchwa, paa la asbesto, hivyo vyote viondolewe, na asbesto iondolewe na wenye utaalamu, si kwa nyundo za wazazi siku ya harambee. Hata hivyo tuwe waangalifu na neno bovu. Mara nyingi kilichoharibika ni mabati, mfereji wa maji na plasta ya chini, huku mawe ya ukuta yakiwa bado na nguvu. Jengo lisilorekebishwa kwa miaka 20 huoneshwa kama ushahidi kwamba halifai, kumbe ni ushahidi kwamba hatukuziba ufa. Mhandisi wa kaunti alipime kabla ya trekta kufika, na matokeo yasomwe mbele ya wazazi. Likibainika kuwa hatari, libomolewe baada ya kupimwa, kuchorwa na kupigwa picha. Likibainika kuwa zima, lirekebishwe, maana chumba kilichorekebishwa nacho ni chumba.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha, nayo ni ardhi. Lodwar ilikuwa mji mdogo wa utawala. Baada ya ugatuzi wa 2013 ikawa makao ya kaunti, na sensa ya 2019 ilihesabu katika mji huo zaidi ya watu 80,000. Kilichokuwa nje ya mji miaka 30 iliyopita sasa kina maduka na nyumba za kupangisha, na kiwanja cha shule kimekuwa mali ya kutamaniwa. Wakenya hawajasahau Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walipopigwa vitoa machozi wakidai uwanja wao wa michezo uliokuwa umezungushiwa ukuta. Shule nyingi za pembezoni zilijengwa juu ya ardhi iliyotolewa kwa neno la wazee, na neno hilo halina mhuri. Jengo kongwe, likiandikwa na kutambuliwa, ni shahidi wa mipaka: hapa palikuwa na shule kabla ya hatimiliki ya yeyote. Likiondolewa, shahidi huyo ameondoka, na uwanja wa mpira hufuata nyuma yake.

Sheria inatupa zana kuliko tunavyodhani. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inaruhusu mahali au jengo la umri wowote kutangazwa kumbukumbu iwapo lina umuhimu wa kihistoria, kitamaduni, kisayansi au wa usanifu. Maneno "umri wowote" yanajibu wale wanaosema miaka 60 ni michache. Tatizo liko katika mgawanyo wa kazi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa kumbukumbu zenye umuhimu wa kitaifa pamoja na elimu ya msingi na sekondari, kisha linaipa kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho ya kaunti na elimu ya awali. Jengo la shule kongwe hudondokea katikati: si la kitaifa vya kutosha kwa Nairobi, na ni la elimu ya msingi kupita mamlaka ya Lodwar. Baadhi ya watu huogopa pia kwamba tangazo katika Gazeti Rasmi litafunga mikono ya mwalimu mkuu asiweze hata kubadilisha dirisha. Kwa sababu hizo, tangazo liwe hatua ya mwisho, kwa majengo machache yenye uzito wa pekee. Hatua ya kwanza ni nyepesi na iko ndani ya uwezo wa kaunti tangu leo: orodha.

Orodha hiyo inahitaji nini? Kwa kila shule iliyojengwa kabla ya Lopiar, na kwa Kakuma kabla ya mwaka 2000, iandikwe mwaka wa kila jengo, aliyelijenga, mawe na mbao vilikotoka, hali ya msingi, ukuta na paa, na matumizi yake ya sasa, yakiwemo kupiga kura, kugawa chakula na kuchanja watoto. Wazee waulizwe, kwa Kiturkana, wakati bado wapo. Rejista za zamani zipigwe picha, nakala moja ikae shuleni na nyingine katika hifadhi ya kaunti, na majina ya watu binafsi yalindwe dhidi ya macho yasiyohusika. Kisha kila shule ichague jengo moja la kubaki, lisilozidi uwezo wake, na lipewe kazi: darasa la chekechea, maktaba, chumba cha walimu au stoo ya kumbukumbu. Jengo lililofungwa kwa kufuli ili litunzwe litakufa haraka kuliko lililojaa watoto, maana ufa huonwa na anayekaa ndani. Na mabweni au madarasa mapya yatakayojengwa kando yake yalazimike kujifunza kutoka kwake: baraza, kivuli, madirisha ya pande mbili, rangi nyeupe.

Njia ya kutoka Lodwar kwenda Namoruputh na mpaka wa Uganda imepitiwa na mifugo, na wavamizi, na wapatanishi, na malori ya chakula, na kila kizazi kimeacha alama chache sana juu ya ardhi yake. Ndiyo maana ukuta wa shule kandokando ya njia kama hiyo una uzito ambao ukuta wa umri uleule katika jiji kubwa hauna. Familia ilipoondoka na mifugo ikamwacha mtoto pale, haikuliachia jengo tu mtoto huyo. Ililiachia ahadi ya kurudi, na mara nyingi ilirudi, mvua iliponyesha, likizo ilipofika, au mtoto wa pili alipokuwa tayari. Mwenye ekwar hupoteza miti yake akiacha kuirudia. Sisi tuliosomeshwa ndani ya kuta hizi, na serikali zinazozihesabu kama vyumba tu, tuko katika hatari ileile: haki yetu juu ya historia hii itadumu kadiri tutakavyorudi na chokaa, na bati jipya, na kalamu ya kuandika jengo lilijengwa lini na nani.